UZI: Waridi la jangwa Mwanza, lichanue kiangazi na lisioze masika

Mwana_Igoma (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Swali hili limeulizwa mara nyingi na majibu yametawanyika, bora tuyaweke sehemu moja: ni kichaka gani chenye asili ya huku kwetu kinachotoa maua Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimekata na bogenvilia za jirani ndizo pekee zenye rangi?

Jibu langu ni waridi la jangwa, Adenium obesum. Ni mmea wa nyika kavu, kuanzia Senegali hadi Somalia, ukavuka mpaka Uarabuni na kushuka mpaka kaskazini mwa Tanzania. Porini huchanua kiangazi, mara nyingi matawi yakiwa matupu hayana hata jani. Ua lake ni la waridi, koo jeupe, petali tano.

Wengi waliolipoteza Mwanza wanaamini limekufa kwa jua. Hapana. Mji wetu uko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, joto la mchana hucheza nyuzi 27 hadi 30, mvua ya mwaka inakaribia au kuvuka milimita 1,000. Kwa mmea wa nyika, jua hili ni la kawaida kabisa. Kinachouua ni Machi hadi Mei, mizizi ikikaa ndani ya tope. Ukilielewa hilo, mengine yote utayapanga mwenyewe.

Nianze na udongo wa chungu. Msitumie udongo wa bustani peke yake, hata huu wa luseni unaoonekana mchanga mtupu. Luseni ukiwa mlimani kwenye mteremko unapitisha maji vizuri, lakini ukiutia kwenye chungu, chembe laini zinashuka chini na baada ya miezi michache zinaziba matundu. Wa mbugani, ule mweusi, usiufikirie kabisa. Changanya hivi, kwa kopo lolote ulilonalo: makopo manne ya kokoto ndogo za milimita tano hivi, matatu ya mchanga mkali wa mtoni, mawili ya makapi ya mpunga yaliyochomwa, moja la mboji iliyoiva. Kokoto wanazo wanaoponda mawe, ila zichekeche na kuziosha. Lile vumbi likibaki linageuka saruji. Makapi yachomwe mpaka yawe meusi, yasifike kuwa majivu meupe. Mchanga wa ufukweni ni laini mno, uache ulipo.

Kipimo cha kama mchanganyiko umefaa: mwaga lita moja ya maji juu ya chungu kilichojaa. Maji yanatakiwa yazame papo hapo na kuanza kutoka chini. Yakisimama juu ukahesabu hadi kumi, ongeza kokoto.

Chungu kiwe kipana kuliko kirefu, cha udongo wa kuchoma kama unakipata, chenye matundu matatu au manne ya kuingia kidole. Kisikae sakafuni, kiweke juu ya vipande vitatu vya tofali. Na ukubwa wake usizidi sana: sentimita tano za nafasi kila upande wa shina nene zinatosha. Chungu kikubwa kinabaki na maji ambayo mizizi haiwezi kuyafikia, na hayo ndiyo yanayoiozesha.

Bi_Maua

Asante sana mkuu, wabeja. Mimi nakaa Buswelu, nina uwanja wenye majabali na sitaki vyungu. Je, linaweza kupandwa ardhini moja kwa moja?

Mwana_Igoma

Dada, wewe ndiye mwenye bahati kuliko wote hapa. Majabali yako ndiyo makazi yake halisi. Tafuta sehemu iliyoinuka kati ya mawe, maji ya mvua yasipopita. Kama uwanja ni tambarare, jenga tuta la duara, kimo sentimita 40 na upana mita moja, kwa kokoto na luseni nusu kwa nusu, kisha pandia kileleni. Usichimbe shimo kwenye udongo mgumu ukalijaza mchanga. Hilo ni bakuli, maji ya uwanja mzima yataingia humo.

Panda Juni hadi Agosti, au mwishoni mwa Januari. Kabla ya kupanda acha mche nje ya udongo kivulini siku tatu mpaka tano ili majeraha ya mizizi yakauke, na ukishapanda ngoja siku saba ndipo umwagilie. Watu wanamwagilia palepale kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo inayouozesha.

Jabali_Nyegezi

Naongezea la jua, maana hapa watu wengi wanakosea upande wa nyumba.

Tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana halipo utosini, limeegemea kaskazini kwa nyuzi kama 26. Mwezi Desemba linageuka, linaegemea kusini kwa nyuzi kama 21. Maana yake ni kwamba ukitaka maua ya kiangazi, chungu kikae ukuta wa kaskazini. Paa lililotokeza sentimita 60 mwezi Juni linatupa kivuli cha mita moja na robo hivi kutoka ukingo wake kushuka ukutani, kwa hiyo chini ya hapo chungu kinapata jua kamili na bado kiko chini ya paa. Ukuta wa kusini mwezi huohuo ni kivuli kitupu saa sita mchana, mmea utakaa na vitumba vinne na kuvidondosha.

Ubaya wake unaonekana kuanzia Novemba: ukuta wa kaskazini unaingia kivulini wakati mmea una majani na unataka kukua. Chungu kinahamishwa. Aliyepanda ardhini achague mahali pa wazi, mbali na ukuta wowote. Kiwango cha chini ni saa sita za jua kwa siku. Pungufu ya hapo matawi yanarefuka kama mabua na maua hakuna.

Kijana_wa_Kirumba

Kwa hiyo kiangazi tusimwagilie kabisa? Nimesoma sehemu kwamba ukiunyima maji ndiyo unachanua.

Fundi_Kitalu

Hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoharibu maua ya watu.

Ukavu unausukuma mmea upumzike, upukutishe majani, na baadaye utoe vitumba. Lakini vitumba vikishatokea, ukiendelea kuunyima, vinakuwa vya njano kwenye kikonyo na kuanguka kabla ya kufunguka. Mmea wa chunguni wenye vitumba umwagilie kila baada ya siku saba hadi kumi, maji yatoke chini, kisha usiguse mpaka pakauke. Usio na majani wala vitumba, wiki mbili hadi tatu. Ulio ardhini, kama umeshashika kwa mwaka mzima, kiangazi chote unaweza kuvumilia, ila kopo la lita tano kila wiki tatu linaongeza maua. Kupima: choma kijiti cha mshikaki mpaka chini ya chungu, kiache dakika tano. Kikitoka na unyevu, subiri.

Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, maua yasiguswe.

Mwana_Igoma

Mkuu Fundi kamaliza. Niweke na suala la kupogoa, maana ndilo linaloamua maua ya Juni yatakuwa mangapi.

Waridi la jangwa linachanua kwenye ncha za matawi. Matawi matatu, mafungu matatu ya maua. Matawi kumi na tano, hesabu mwenyewe. Ukikata ncha, pale chini yanachipuka mawili au matatu, na hayo yanahitaji miezi mitatu na zaidi kukomaa. Rudi nyuma kwenye kalenda: maua ya Juni na Julai, kata kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, lile pengo kati ya vuli na masika. Ukikata Aprili, mvua inaingia kwenye kidonda. Ukikata Mei, utapata matawi mazuri na maua ya Oktoba.

Acha sentimita 10 hadi 15 za tawi juu ya shina nene. Kisu kikali au wembe uliofutwa kwa spiriti, kata kwa mshazari ili maji yateleze, paka kidonda dawa ya ukungu ya shaba iliyokorogwa nzito kama uji, acha chini ya paa wiki mbili. Matawi yanayokua kuelekea ndani yatoe yote.

Mbolea ni Februari hadi Aprili, wakati una majani: NPK 17-17-17, nusu kijiko cha chai kwa chungu cha sentimita 30, mara moja kwa mwezi, na udongo uwe na unyevu kwanza. Mei simamisha. Urea na samadi mbichi ya kuku acheni kwa mahindi. Zinaleta majani mapana na shina laini linalooza kwa haraka, na maua ya kuhesabu kwa vidole.

Bi_Maua

Nimeona yanauzwa yenye maua ya tabaka, mengine mekundu karibu na weusi. Hayo nayo ni ya asili ya kwetu?

Fundi_Kitalu

Babu yake ni wa kwetu, yeye mwenyewe kazaliwa kwenye vitalu vya Asia. Thailand na Taiwan wamechagua na kuzalisha aina nyingi mno, zile za tabaka mbili na tatu, za njano, za michirizi. Hizo haziji kwa mbegu. Ukipanda mbegu ya ua la tabaka, mche unaweza kutoa chochote, na mara nyingi ni kitu cha kawaida. Aina yenye jina lake hubebeshwa, yaani tawi lake huunganishwa juu ya mche mwingine, basi. Na yeyote anayekuuzia mbegu za waridi la jangwa la buluu, anakuuzia picha. Rangi hiyo haipo. Anayetaka kuingiza miche au mbegu kutoka nje, kibali cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) kwanza, kabla ya kulipa.

Maoni yangu kwa Mwanza: ardhini weka lile la petali tano la mbegu. Ua lake halishiki maji, shina linanenepa vizuri, halidai mengi. Ya tabaka weka chunguni chini ya paa, kwa sababu mvua moja ya Aprili inajaa katikati ya petali na ua zima linakuwa kahawia siku ya pili. Mekundu ya kiza yanaungua kingo kwa jua la mchana, yapewe jua la asubuhi mpaka saa sita.

Kijana_wa_Kirumba

Mkuu shusha basi namna ya kubebesha, hatua kwa hatua.

Fundi_Kitalu

Sawa. Wakati: Septemba joto likianza kupanda na mvua za vuli hazijafika, au Januari. Julai mmea umelala, unachelewa kuunga. Masika usijaribu.

Mche wa chini uwe wa mbegu, miezi minane hadi kumi na miwili, shina lenye unene wa sentimita moja na nusu pale utakapokata. Usimwagilie siku tatu kabla ili utomvu upungue. Kikonyo, yaani kipande cha tawi la aina unayoitaka, kichukue kwenye tawi lililokomaa nusu, lisilo la kijani kibichi sana wala la kijivu kikavu, urefu sentimita tano hadi saba, unene uleule wa mche. Katakata majani yote, bakiza vishina vifupi vya majani hayo.

Wembe mpya. Ufute kwa spiriti kabla ya kila mkato. Kata mche kichwa kwa usawa, kisha upasue katikati herufi V, kina sentimita mbili. Chonga kikonyo kabari ya umbo hilohilo, kila upande mkato mmoja bila kurudia. Ukichonga mara tatu uso unakuwa na mabonde na havigusani. Futa utomvu kwa karatasi safi. Ingiza. Sasa hapa ndipo penyewe: chini ya ganda kuna mstari mwembamba wa kijani. Mstari wa kikonyo ukutane na mstari wa mche, angalau upande mmoja. Kama kikonyo ni chembamba, kisogeze pembeni, usikiweke katikati ili kipendeze.

Funga kwa ukanda wa plastiki laini kuanzia chini kwenda juu, kaza. Funika kwa kifuko angavu kama vile vya barafu, kifunge chini ya maungio. Weka kwenye kivuli chenye mwanga. Maji usinyunyizie juu, mwagilia udongo kidogo tu. Siku ya 10 hadi ya 14 angalia: macho yakiwa yamevimba na ya kijani, toboa kifuko, siku tatu baadaye kitoe. Ukanda unabaki wiki nyingine tatu au nne.

Kikonyo kikiwa cheusi kuanzia kwenye maungio, maji yaliingia au wembe ulikuwa mchafu. Kikisinyaa huku bado ni cha kijani, mistari haikukutana. Na machipukizi yanayotoka chini ya maungio yang'oe kwa kidole kila yanapojitokeza mwaka wote. Hayo ni ya mche wa chini, yana nguvu kuliko kikonyo, ukiyaacha ua lako la tabaka linamezwa na lile la kawaida.

Mkerewe_Halisi

Kazi safi. Upande wa wadudu tuongeze.

Vidukari vya njano vyenye miguu myeusi hujaa kwenye vitumba na ncha changa. Sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni, suuza asubuhi, rudia baada ya siku tano. Angalia na sisimizi, wao ndio walinzi wa vidukari. Utitiri huja kiangazi upepo ukiwa mkavu: majani yanakuwa na nukta za njano kama vumbi, ukigeuza unaona utando mwembamba. Piga maji kwa nguvu chini ya majani, kisha mafuta ya mwarobaini mililita tano kwa lita pamoja na matone ya sabuni. Usipulizie juani, majani yataungua.

Kuna kiwavi mkubwa wa kijani, unene wa kidole, karibu na kichwa ana madoa mawili ya buluu kama macho. Huyo ni mtoto wa nondo wa oleanda. Anamaliza majani ya mche kwa usiku mmoja. Tafuta vinyesi vyake vyeusi chini ya chungu, yeye yuko juu yake. Mtoe kwa mkono, hakuna haja ya sumu.

Ukibadilisha chungu ukaona unga mweupe kwenye mizizi kama pamba, hao ni vidung'ata. Osha mizizi yote, mwaga udongo wote wa zamani mbali na bustani.

Bi_Maua

Na shina likiwa laini ukilibonyeza? La kwangu la chunguni liko hivyo na sijui kama niongeze maji au nipunguze.

Mwana_Igoma

Dada, chomeka kijiti kwanza. Shina laini na udongo mkavu ni kiu, mwagilia vizuri na litajaa ndani ya siku tatu nne. Shina laini na udongo wenye unyevu ni uozo, na hapo usingoje hata kesho.

Lilaze, toa udongo wote, osha mizizi. Bonyeza kwa kidole gumba ukizunguka shina lote mpaka upate mpaka wa pagumu na palaini. Kata palaini kwa kisu kilichofutwa spiriti. Nyama nzima ni nyeupe au ya krimu na inatoa utomvu. Iliyooza ni kahawia, ina maji na harufu. Endelea kukata, ukifuta kisu kila mara, mpaka usione hata nukta moja ya kahawia. Ukiacha nukta, umefanya kazi bure. Paka unga wa dawa ya ukungu au vumbi la mkaa mkavu, ning'iniza kivulini penye upepo siku kumi hadi kumi na nne mpaka kidonda kiwe kigumu kama ngozi. Panda kwenye mchanganyiko mkavu, ngoja siku saba, anza na maji kidogo. Hata shina lisilo na mzizi mmoja linatoa mingine.

Bi_Maua

Nimechomeka. Kijiti kimetoka kikavu kabisa.

Mwana_Igoma

Basi ni kiu tu. Mpe maji mpaka yatoke chini.

Jabali_Nyegezi

Kabla uzi haujasonga mbele, hili la sumu lisipite kimyakimya. Utomvu wake una sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Wawindaji wa Afrika Mashariki waliupaka kwenye mishale, na sehemu nyingine umetumika kulevya samaki. Kwa hiyo: glavu wakati wa kupogoa, usijipanguse macho, wembe wa kubebesha usirudi kwenye matumizi ya nyumbani. Vipande vilivyokatwa visiachwe mbuzi wanapopita. Na wanaoishi Kamanga, Kirumba na fukwe zote, msivitupe ziwani. Vichimbieni. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, chungu kikae juu, kimo cha kiuno.

Kijana_wa_Kirumba

La mwisho wakuu. La jirani limetoa kitu kama pembe mbili za kahawia. Nimeruhusiwa kuchukua mbegu. Nichume lini?

Fundi_Kitalu

Usichume sasa. Pembe zikianza kukauka, zungushia uzi sehemu tatu, bila kukaza sana. Zikiiva zinapasuka kwa urefu, na kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili. Bila uzi, upepo wa ziwani unazipeleka Sengerema. Zikipasuka ndani ya uzi, kata, toa mbegu, pangusa manyoya.

Panda ndani ya mwezi huo, zinapoteza uhai haraka. Zilaze chali kwenye mchanganyiko uleule uliochekechwa, funika nusu sentimita ya mchanga, weka unyevu kidogo na joto. Siku nne hadi saba zinaota. Majani manne ya kweli yakitoka, zipeleke juani polepole. Ukizitunza vizuri, ua la kwanza kati ya mwaka mmoja na miwili. Ukibadilisha chungu kila mwaka, nyanyua shina sentimita mbili au tatu juu ya udongo ili lile nene lionekane, na sehemu mpya iliyofichuliwa uikinge jua wiki mbili, la sivyo inaungua.